Matanga Yangu

Juzi hapa Koboko nilipomwona binti aliyenyolewa kwa msiba, nilijikuta nimeshika kitambaa changu cha kichwani.

Nilipokuwa mdogo, mionzi ya kichwani ya kutibu saratani huko Kampala ilimaliza nywele zangu zote. Wapita njia walizoea kuniambia, "Pole, mtoto. Nani alikufa?" Kisha bibi akafariki kweli. Alasiri ile shangazi aliwanyoa binamu zangu wote uani, wembe ukikwaruza, sabuni ikinukia. Aliponifikia alisema, "Wewe iko tayari," akanipita. Nilikaa katikati yao kwa furaha, nikidhani sasa tutafanana daima.

Mvua zilipoanza, nywele zao ziliota. Nikamuuliza mama matanga yangu yataisha lini. Alinifunga kitambaa kichwani.