Picha ya Gumba la Zéphirin

Mume wangu, Zéphirin Mukendi, hakuwa mvivu. Nayaandika haya kwa ajili ya wajukuu, maana wapo bado watu hapa Lubumbashi wanaosema alifukuzwa kazi kwa kujisingizia ugonjwa.

Mwaka 1961, mji ukiitwa Elisabethville, alikuwa akipanga herufi za risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Mwezi wa Novemba kasha la herufi lilimponyoka, likampinda gumba la kulia hadi nyuma. Tangu siku hiyo hakuweza kubana hata herufi moja.

Hospitali walimpiga picha. Daktari akaandika: mifupa mizima, arudi kazini.

“Picha haidanganyi,” alisema msimamizi wake, Léonard, akiipeperusha ile karatasi mbele ya wafanyakazi.

“Chefu, vidole tisa viko muzuri,” mmoja akadakia. “Huyu muntu anatafuta konji tu, apumuzike nyumbani!”

Wakacheka.

Nilimwita mdogo wangu Floribert, muuguzi. Alilishika gumba penye shina lake, akasukuma kidogo. Mfupa ukateleza kando, Zéphirin akaguta.

“Yaya Adolphine,” akaniambia mimi dada yake, “ona. Mufupa huu unakalia mwenzake kama tandiko juu ya farasi. Kano ndizo mikanda. Mikanda imekatika, lakini picha inaona mifupa tu.”

“Basi tutamwonyesha nini daktari?”

“Tupige ingine, gumba ikisukumwa hivi. Mufupa utaonekana umetoka mahali yake. Ataamini.”

Tulipewa siku mwezi wa Desemba. Kabla haijafika, mapigano yakaanza mjini. Majeruhi walilazwa hadi kwenye korido, na umeme mdogo uliobaki ukawa wa chumba cha upasuaji.

“Yaya, unisamehe,” Floribert alituambia mlangoni. “Leo nani atasikiliza kidole?”

Mji ulipotulia, daktari alikuwa amekwisha kwenda Ulaya. Kiwandani tulikuta barua tayari: mfanyakazi amekataa kazi kwa hiari yake. Bila kutia sahihi, asingepewa cheti cha kutafutia kazi kwingine. Zéphirin akaishika kalamu. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

Léonard akamsogezea kidau cha wino, wafanyakazi wakitazama. “Bonyeza gumba, tata. Kama bale batu habakusoma.”

Mume wangu, aliyewaandikia barua mtaa mzima, akafumba macho, akabonyeza. Kisha nikamfunga vifungo vya koti, mbele yao wote.