Siku Niliposimamisha Mkanda

Nakumbuka mchana mmoja pale Kinondoni, mwanangu, ingawa sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Nilikuwa kijana, naendesha mashine ya sinema nyumbani kwa Mzee Akbar, muuza vitambaa. Alikuwa akikusanya sinema za zamani kabisa, zile zisizo na sauti. Nilimuuliza, raha yake nini, watu wanafungua midomo tu? Akasema, "Ndiyo raha yenyewe. Kila mtu anamsikia wa kwake."

Siku hiyo akaja Bibi Mwanaidi kutoka Bunju. Mama yake alifariki akimzaa, hakuacha hata picha. Ila mama huyo alipokuwa msichana, wageni walimpiga sinema akitwanga mpunga, na mkanda huo, usio na nakala, ulikuwa kwa Mzee Akbar.

"Kumbe unafungia mama za watu kwenye kopo la biskuti?" Bibi akamtania.

"Natunza, bibi, mie sijaiba!" Mzee akacheka. Kisha akanigeukia. "Usisimamishe mashine. Taa ina moto, mkanda ukisimama unayeyuka."

Tukafunga madirisha, tukayatundikia khanga kuzuia mwanga. Msichana akatokea ukutani, anatwanga. Akaacha mchi, akatutazama, akaanza kusema.

"Abee, mama," Bibi akaitika.

Nikageuka kumtazama kwa woga. Bibi akatega sikio kama anayesikiliza, akaitika tena. Labda ni uzee wake, labda ni woga wangu, siwezi kuapa. Nikaona mkanda unakaribia kwisha, nikamhurumia. Nikasimamisha, ili amtazame kidogo.

Uso ukatulia. Kisha tundu likatokea pale pale mdomoni, likapanuka, likala uso mzima. Ukuta ukabaki mweupe.

Mzee hakunigombeza, nimpe haki yake. Bibi ndiye aliyesema, polepole: "Mbona umemkatiza? Alikuwa anataka kunitajia jina aliloniwekea."

Mwanangu, huruma yangu ilikuwa ya kweli, siikani. Lakini nilionywa na anayeijua kazi, nikajiona najua zaidi. Ukishika kitu cha mtu kisicho na cha pili, fuata ulivyoelekezwa. Na kabla hujamtendea mtu wema, muulize kwanza anautaka vipi. Mimi sikuuliza.

Mungu akupe mikono mitulivu. Na wanaokuita, akujaalie uwasikie mpaka wamalize.