Mashine Mbili za Kukunja Chuma

Baba yangu aliunda bodi za malori mjini Tororo, na kilichomsumbua wakati ule wa utawala wa wanajeshi kilikuwa braketi: vipande vya bamba nene, vilivyokunjwa kwa pembe mraba, vinavyoshikilia bodi kwenye fremu ya gari. Kwa moto na nyundo alipata chache kwa siku, na kila moja ilitoka na umbo lake. Alihitaji mashine. Za kuchagua zilikuwa mbili, nami, msichana wa darasa la sita ambaye maswali yake yalimchosha hata mama, nilitaka kuziona zote.

Ya kwanza tuliikuta gereji moja ya Busia, upande wa Kenya. Ilikuwa fremu tu, na ndani yake jeki ya lori. Jeki ilipandisha kitako chenye mfereji. Bamba lililolala juu yake likakutana na ncha butu, likajikunja polepole, kama mtu anayekaa bila kupenda. Baba hakuwa na desturi ya kuulizia mashine. Aliionjesha chuma. Alibeba vipande vyake mwenyewe kikapuni, akakunja kimoja, kisha akageuzia juani mgongo wa kona kutafuta ufa. Alinipa nami nipitishe kidole. Palikuwa laini, na pamepata joto kidogo, jambo lililonishangaza kwa kuwa hapakuwa na moto.

Ya pili ilikuwa Tororo, katika ghala la Mhindi aliyefukuzwa nchini. Duka lake pamoja na ghala hilo alikuwa amepewa ofisa wa jeshi, naye ndiye aliyemwita baba.

"Chukua, fundi. Bure," alisema. "Lakini gari zangu nakuja kwako kwanza."

Mtaani tulijua maana ya hiyo 'kwanza'. Fundi mwingine alikuwa amekubali mashine ya kuchomelea kutoka kwa wanajeshi. Tangu hapo askari walimchukua saa yoyote, na mkewe hakujua alikolala. Kumkatalia afande zawadi yake nako kulikuwa hatari. Baba alinichukua kwa sababu iliaminika kuwa mwanamume aliye na mtoto kando yake hakamatwi ovyo. Njiani aliniambia, "Leo, mama, usiulize lolote."

Ilikuwa mashine pana kuliko kitanda, yenye gurudumu zito la kuizungusha, na umeme ulikuwapo. Baba aliizunguka mara mbili, akaigusa kila mahali. Kisha akachagua mfereji mwembamba kuliko yote, ule wa kona kali, akaweka bamba, akakanyaga pedali. Ukasikika mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika.

"Imepasua, afande."

"Chuma chako ndio mbovu, mzee! Weka ingine."

Akaweka kingine, na hapo nikaona. Bamba lina nyuzi kama mbao, mistari myembamba inayobaki kiwandani linapobanwa na kunyooshwa. Ukilikunja kwa kuzikata nyuzi, linatii; ukilikunja kwa kuzifuata, tena kwa kona kali, linapasuka. Nyumbani baba aliziangalia nyuzi kabla hata ya kupima. Hapa alikuwa amezifuata mara zote mbili. Swali lilinipanda hadi mdomoni.

Kipande cha pili nacho kikapasuka. Ofisa alikishika, akakigeuza, akanitazama.

"Na wewe, kasichana? Mashine ya baba yako iko mzuri?"

"Si ya baba, afande."

Alicheka sana, akampiga baba begani. "Huyu nasoma! Basi, mzee. Wenye duka waliachia mimi takataka. Hii mimi napatia fundi wa Nagongera, yeye hana macho kama yako."

Baba aliinamisha kichwa, akashukuru, akakusanya vipande vyake hata vile vilivyopasuka.

Baadaye tuliileta ile ya jeki kutoka Busia, vipandevipande, tukiificha mpakani kati ya magunia ya mahindi. Niliruhusiwa kupampu. Kila braketi ilidai mikono yangu yote miwili na subira nisiyokuwa nayo, ila zilitoka zikilingana, na magari ya jeshi hayakusimama mlangoni kwetu zaidi ya yalivyosimama kwa wengine. Siku moja, kitako kikipanda, nikamuuliza kama ile ya ghalani ilikuwa mbovu kweli.

Alitazama kwanza barabarani.

"Ile? Ingemaliza kazi yangu ya mwezi kabla ya adhuhuri. Sijapata kugusa mashine nzuri kama ile." Akafuta jasho kwa mkono. "Pampu, mama. Bado haijafika mraba."