Mawe ya Mama Kule Bondeni

"Wewe na mama yako mtahamishwa na mto kabla ya Krismasi." Ndivyo majirani walivyoniambia bondeni, kule Gatongora, nikiwa na miaka tisa, nikinuka udongo mweusi uliolowa. Wakaongeza kwamba sitafika popote. Ningali hapa.

Mwaka ule mto ulikuwa umeingia kwetu mara mbili hadi kitanda kikaelea. Baba alikuwa amefariki, na ploti ile ndiyo mali pekee aliyotuachia. Mama aliamua kwamba hatutoki. Akaomba ngwatio, desturi yetu ya jirani kukukopesha siku yake ya kazi, nawe umrudishie siku. Nyumba sita zilikubali. Tulibandua mabati, tukabeba mawe kutoka machimboni, mama kwa ukanda kichwani, mimi kwa karai, tukayapanga hadi yakanifika kifuani, kisha nyumba ikapigiliwa juu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

"Mama Kimani, unajengea ndege uwanja?" Baba Wangui, mwenye duka, alitania.

"Ndege ni wewe," mama alijibu bila kutua mzigo. "Utatua hapa."

Masika yalipofika maji yalipanda hadi jiwe la pili kutoka juu, yakakaa siku tatu. Mdharau mwiba mguu huota tende: Baba Wangui alikuja maji yakiwa kiunoni, gunia la sukari kichwani.

"Hodi, Mama Kimani."

"Karibu. Pangusa miguu."

Mama alirudisha siku mbili tu, kisha mgongo ukamkataa. Nyumba nne zikabaki zikitudai, na wenyewe wakasema siku zile zimezama. Mimi nilipokua nikaenda nchi za Ghuba kumwaga zege chini ya jua kali, nikarudi na diploma ya ujenzi niliyojilipia mwenyewe. Najisifu, ndiyo, aliyebeba mawe ana ruhusa. Watu wakanishauri niuze ploti ninunue Murera, kwenye mwinuko. Nikajenga palepale. Siku hizi watu hununua bondeni wakati wa kiangazi, halafu mvua ikinyesha huuliza mto umetoka wapi.

Mwaka huu niliwachukua mafundi wangu, tukainua nyumba zile nne, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya Cucu Nyambura, ajuza aliyekuwa amemkopesha mama siku nzima akiwa na mtoto mgongoni. Alipanda ngazi mpya polepole, akakanyaga sakafu kwa nguvu kuipima.

"Mama yako hatumdai tena," alisema.

Mama aliinua nyumba moja kwa mikono ya majirani sita. Mimi nimeinua nne. Mvua na ije.