Kumfungulia Mama Chaza

Mama alikuwa hali. Siyo kwamba anakula kidogo, hali kabisa. Kijiko cha kwanza cha uji anameza, cha pili anageukia ukutani. Homa ilishaisha, hamu ya kula ndiyo haikurudi. Siku hiyo akasema anataka chaza, kama wale wa utotoni kwao Kilwa, wapikwe na maji yao ya ndani.

Sisi tunakaa Kibaha, chaza tutoe wapi? Nikaenda soko la samaki Dar, nikarudi na mfuko unaochuruzika na kichwa kinaniuma.

Sasa kuwafungua. Kisu cha jikoni kikapinda. Kisu kikubwa kikateleza, kikanichana kidole. Nyundo ikasaga ganda na nyama pamoja, ukionja unatafuna mchanga.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Chole ya Kisarawe kumwona mgonjwa. Yeye maisha yake ni korosho. Akachungulia beseni, akaguna.

"Wifi yangu mgonjwa, nyie mnampa mawe?"

"Si mawe, shangazi. Ni chaza."

"Lina ganda, halina ganda?"

"Lina."

"Basi linachomwa, halafu linagongwa. Lete bati."

Nilikuwa nimechoka, nikaleta. Akawasha moto uani, akamwaga nusu ya beseni juu ya bati, anageuza kwa mti vilevile anavyochoma korosho. Walipoanza kupasuka akashangilia, "Si unaona!" Kweli walifunguka. Ila maji yote yaliishia motoni, na ndani kikabaki kitu kigumu kama kipande cha ndala.

Harufu ikafika chumbani. Mama akatoka anajishikiza ukutani, khanga inaburuzika.

"Nani anachoma chaza wangu?"

"Mimi, wifi. Hujala siku zote hizo, nguvu ya kugomba umeitoa wapi?"

Mama akakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza, kwao walikuwa wanafungulia nini? Akafikiri weee, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Alikuwa anafungua bibi. Mimi nilikuwa nafungua mdomo."

Nilitaka kulia. Nikachukua bisibisi bapa ya kaka, anayotengenezea pikipiki, nikaisugua kwa sabuni, nikaichemsha. Nikamshika chaza kwa kitambaa, nikaingiza ncha kule nyuma, maganda yanaposhikana. Kusukuma hakusaidii kitu. Nilipoizungusha taratibu ndipo ikalia tak! Maji yakabaki ndani.

Nikaendelea hivyo, mmoja mmoja, viganja vinawaka moto. Shangazi akakuna nazi huku anatania kwamba watu wa Kilwa ndiyo maana wembamba, chakula chenyewe mpaka ukipige mweleka.

Mama alikula bakuli lote. Akanywa na supu, akafuta mdomo kwa khanga, akaninyooshea bakuli.

"Ongeza."

Sufuria ilikuwa tupu. Nikageukia beseni. Waliobaki wote wamefunga. Nikavuta kigoda.