Laptop Iliyopigiwa Vigelegele

Jamani, haya nawaambia kwa sharti moja, mkinicheka mnicheke hapa hapa yaishe, maana Kibokoni nzima imeshanicheka na mmebaki nyinyi tu msioijua aibu niliyoipata siku ya kupeleka begi la harusi ya kakangu Swaleh.

Kwanza mjue laptop yenyewe niliipata wapi. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo pale Kilindini, na mkubwa wetu, Bwana Mutua (mtu wa bara, mpole, lakini hana mchezo na mali ya ofisi), alitaka kutubadilishia kompyuta zetu kuukuu, basi akaazima dukani moja katika hizi nyembamba za bei ya kutisha, akanipa niende nayo nyumbani nikaijaribu. "Nasra," akasema, "Jumatatu unipe uzuri wake na ubaya wake. Na ikipata hata mkwaruzo, tutaonana mimi na wewe."

Uzuri wake, wallahi, ulinitia wazimu. Haina kelele, chaji inakaa kutwa, na haitaki uandike neno la siri wala nini, inakutazama usoni tu, ikikujua inafunguka, hata gizani. Ubaya nao niliuona mapema: ina vitundu viwili vidogo ubavuni, flashi yangu haiingii mpaka ununue adapta, na kifuniko chake kinashika alama za vidole utadhani kimepakwa samli. Lakini wepesi! Ukiitia mkobani unarudi kuchungulia kama imo kweli. Basi badala ya kuifungia kabatini, nikawa nazunguka nayo pale kwetu Majengo, na kila mgeni aliyekuja kwa ajili ya harusi lazima aibebe kwa vidole viwili aseme mashallah. (Kwamba si yangu, hilo sikulitaja sana.)

Jumamosi tukakaa sakafuni mimi, mamangu na shangazi Rukia, tunapanga begi, yaani zile nguo, manukato na viatu anavyonunua bwana harusi, vinavyopelekwa kwao bibi harusi na kutolewa kimoja kimoja mbele ya wanawake. Hapo ndipo familia hupimwa, na sisi tulikuwa na hofu, maana kwao Aisha, bibi harusi wetu, wana uwezo na sisi tuna hali zetu, na mamangu tangu asubuhi alikuwa akikunja na kukunjua vitu vile vile ili vionekane vingi. Madera tuliyakunjia vipande vya boksi yapate kunyooka, boksi zikaisha, likabaki dera moja la hariri, zuri kuliko yote. Shangazi akainuka kwenda dukani kutafuta boksi. Mimi nikasema, "Ya nini kujisumbua? Tezama!" nikaizungushia laptop lile dera, likakaa limenyooka kabisa, nao wakasifu, na niliazimia kuitoa pale pale, ila simu ikalia, mpambaji amepotea ndani ya Majengo, nikatoka mbio kumpokea. Niliporudi begi lilikuwa limeshafungwa. Mkoba wangu nikautia begani, na kwa kuwa hata ikiwemo huisikii, sikujua kwamba haimo.

Kwao Aisha, kule Kibokoni, wanawake walijaa mpaka kwenye ngazi. Shangazi yake, Bi Khadija, mwanamke mwenye sauti ya mnadani, alikaa katikati akawa anatoa kitu, anakiinua juu, na watu wanapiga vigelegele, lakini vile vya adabu tu, mnavijua. Mamangu alinibana mkono kila kitu kilipoinuliwa. Likaja dera la hariri, Bi Khadija akalikunjua, na kitu cheusi chembamba kikamwangukia mapajani.

"Eh! Watu wa Majengo wametuletea na kompyuta!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijapata kuvisikia. Nikamnong'oneza mamangu, "Mama, ni ya ofisi ile!" naye, huku akitabasamu na kuitikia pongezi kwa kichwa, akaniambia kwa meno yaliyofumbwa, "Nyamaza. Ukisema sasa utaniua. Hayo ya ofisi tutayajua Jumatatu."

Ningenyamaza, wallahi. Lakini Bi Khadija aliifungua, akaanza kuwageuzia watu kioo, mmoja mmoja, waione vizuri. Nikakumbuka kwamba inajua sura yangu. Nikajifunika uso wote kwa mtandio, na mamangu (yeye haya ya sura hayajui) akauvuta akaniambia, "Jifunue, watasema una kijicho!" Kioo kikawa kimefika mbele yangu. Ikafunguka, na hapo likatokea jina langu, na picha yangu nimevaa miwani ya jua nimebinua mdomo.

Bi Khadija akajigeuzia kioo aone. "Huyu si wifi mtu?" akauliza.

Nikasimama nikilia. "Ni ya ofisi, Bi Khadija. Boksi zilikwisha, nikaikunjia dera." Mamangu aliinamisha kichwa, na nilimwonea yeye huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Bi Khadija alinitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mwanangu, kitu cha thamani yote hii wewe wakifanya boksi!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Lakini haitoki bure. Tushaipigia vigelegele, ni yetu. Ikomboe. Ingia kati uteze!"

Kucheza sijui, nyonga zangu ngumu kama mlango. Nikajitingisha, watu wakalia kwa kicheko, na nilipokuwa nakaribia kukimbia nikamwona mamangu anainuka, anajifunga leso kiunoni, anaingia. Sikuwahi kujua kwamba anacheza vile. Walioanza kwa kumcheka wakampigia makofi, Bi Khadija mwenyewe akainuka akacheza naye, na ya begi letu kuwa dogo au kubwa hayakuulizwa tena.

Jumatatu nilimweleza Bwana Mutua yote, bora ayasikie kwangu. Akaikagua, haikuwa na mkwaruzo, alama za halua tu. "Sasa tununue hizi?" akauliza. Nikamwambia ni nzuri sana, lakini mimi anipe nzito, begani niisikie. Hii niliyopewa inaniumiza bega kila siku na sinung'uniki.

Nimeapa sitajisifia tena kitu cha kuazima. Kuomba msamaha niliomba siku ile ile, tulipokuwa tunarudi nyumbani, na mamangu, leso ingali kiunoni, akanikatiza.

"Wacha, mwanangu. Nilikwenda nikiwaogopa wale watu. Narudi siwaogopi tena."