Vichupa Vitatu na Sufuria ya Maharage

Nesi, umenitaka niandike habari zangu kana kwamba mimi karani. Haya, shika.

Nimepika shuleni miaka thelathini na moja. Watoto sita walipolazwa kwa homa ya matumbo, wapishi wote tulipewa vichupa tulete choo. Changu ndicho kilichorudi na jibu baya.

"Bibi, wadudu wanaishi tumboni mwako," ukaniambia. "Wewe hawakuumi, ila wanaumiza wenzako."

"Mimi? Mimi ninayenawa mpaka viwiko?"

"Hata wewe, bibi. Hupikii mtu mpaka vichupa vitatu vije safi."

Nikameza vidonge mwezi mzima. Sikulia wala sikununa. Nilikaa tu naitazama mikono yangu mapajani kama ya mtu mwingine. Vichupa vitatu vikaja safi, ukanipa barua yenye muhuri. Mwalimu mkuu akaisoma, akasema jiko limeshapata mtu. Nikasema sawa.

Siku hiyo nikapika maharage. Binti yangu akaja na mwanawe.

"Tumeshakula, mama."

"Tumekula saa ngapi?" mtoto akauliza.

Akafinywa. Nikafunika sufuria. Nilikula yale maharage peke yangu siku mbili, na yalikuwa matamu, sikufichi.

Barua nimeibandika mlangoni. Wageni wanaisoma, wananipa hongera, wanakataa hata maji.

Muhuri ni wako, nesi. Basi Jumapili njoo ule kwangu, binti yangu akikuona, na usithubutu kuniambia umeshiba.